Ya 50, ya 24 au ya 250? Lenzi ya kuongeza kwanza ukiwa Mtwara na bajeti ndogo

Mwishoni mwa Novemba, korosho za mama yake zilipokwisha kulipwa, mpwa wangu alikuja nyumbani Chikongola na kamera shingoni. Ni Canon 1300D, kaipata kwa mtu ikiwa na lenzi yake ya 18-55 (ni milimita: namba ndogo inaona pana, kubwa inavuta karibu). Tulipomaliza shikamoo na chai akaingia kwenye shida yake: "Mjomba, mama amenipa pesa ya lenzi moja. Naitaka ile ndefu, 55-250. Ukiwa nayo hata mwenye sherehe anakuheshimu." Mbele yake zilikuwepo harusi tatu ndani ya mwezi mmoja, mbili Mikindani na moja Nanyamba.

Nikamwambia atoe memori kadi tuangalie harusi yake ya mwisho kwenye kompyuta. Za mchana hazikuwa na shida: bwana harusi anashuka garini, watoto wanakimbilia ngoma, wajomba wamepanga mstari. Tukafika za ndani. Saa mbili usiku, bi harusi ameketi mkekani sebuleni, taa moja tu ukutani. Uso wake umejaa chembechembe kama aliyemwagiwa mchanga wa Msimbati, na mkono wa kungwi anayemweka sawa ushungi umechorwa mara mbili kwa kutikisika.

"Hapa ulikuwa mbali naye?"

"Hapana mjomba, nilikuwa hatua mbili tu."

"Basi ile ndefu ingekusaidia nini?"

Kosa hili nimeliona kwa vijana wengi wanaoanza kazi hii huku kwetu. Mtu ananunua lenzi inayoonekana kubwa, au anayoisikia ikisifiwa, kabla hajajua picha zake zinaharibikia wapi. Mimi nashikilia jambo moja: ukiwa na pesa ya lenzi moja, nunua ile itakayokupa kitu ambacho lenzi uliyonayo haiwezi kabisa. Ile inayofanya kazi ileile kwa unafuu kidogo iache kwanza. Ndiyo maana nazilinganisha hizi kila moja ikiwa kando ya 18-55, kwa sababu hiyo tayari unayo na wala huitupi.

Mwanga kwanza

Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi liko wazi zaidi na mwanga unaingia mwingi. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera ina f/3.5 ikiwa kwenye 18. Ukizumu, kitundu chake kinabanwa: kwenye 24 inafunguka hadi f/4, kwenye 35 hadi f/4.5, na kwenye 50 mwisho wake ni f/5.6. Kwa hiyo pale unapozumu ili kupata uso, ndipo mwanga unapokuwa mdogo kuliko kote. Ndicho kilichomkuta mpwa wangu. Tulipofungua taarifa za faili, picha zake za makundi zilikuwa kwenye 18 hadi 24 na zinatazamika. Za nyuso zilikuwa kwenye 45 hadi 55, na karibu zote za usiku zimeharibika. Nawe fanya hivyo kabla hujatoa hata senti: urefu wa lenzi, namba ya f, spidi ya shata (muda ambao mwanga unaachiwa kuingia) na ISO (kiasi kamera inavyoongeza mwanga, na chembechembe nazo) vyote vimeandikwa ndani ya picha, na kompyuta au simu itakusomea.

Canon EF 50mm f/1.8 STM inapitisha mwanga takribani mara 10 ya ule unaopita kwenye 18-55 ukiwa kwenye 50. Hesabu yake si ngumu: gawanya 5.6 kwa 1.8, kisha jibu ulizidishe kwa lenyewe. Kwa macho iko hivi. Sebuleni usiku, kwa f/5.6 na ISO 6400, unaweza kujikuta kwenye spidi ya 1/20 ya sekunde, na mtu akigeuza kichwa tu picha imekwenda. Chumba kilekile, ISO ileile, kwa f/1.8 unapata 1/200. Au ukae 1/80 na ushushe ISO hadi 2500 hivi, ngozi ikarudi kuwa ngozi.

Canon EF-S 24mm f/2.8 STM ni nyembamba kama mandazi mawili yaliyobebana, ina gramu 125, na f/2.8 inasikika vizuri. Lakini 18-55 yako kwenye 24 inafika f/4, kwa hiyo faida yako ni mwanga mara mbili tu. Unasaidia, siukatai, ila haukutoi gizani.

Ile 55-250 haina habari ya mwanga. Inaanzia f/4 na kuishia f/5.6. Usiku iache begani.

Nafasi, na hapa ya 50 inabana

Sasa niseme upande wa pili, maana wanaoisifu ya 50 huwa wanauruka. Kwenye kamera ya kawaida kama 1300D, 700D au 4000D, sensa (kile kidude cha ndani kinachopokea picha) ni ndogo, na ya 50 inaona eneo dogo kama ambavyo ya 80 ingeona kwenye kamera ya sensa kubwa. Ukitaka mtu mzima aliyesimama, kichwa hadi viatu, na hewa kidogo juu na chini, uko wima na kamera, unahitaji kurudi nyuma kama mita 4 na nusu. Kwa ya 24 inatosha mita 2 na kidogo.

Pima sebule yako, halafu toa makochi, kabati la vyombo na shangazi waliokaa sakafuni. Mita 4 na nusu hazipo. Mimi nimewahi kupiga bi harusi anatolewa ndani, nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa friji, na bado miguu yake ikabaki nje ya picha. Ukiwa umbali wa mita 3 na ya 50, upana wote unaopata haufiki mita moja na nusu: watu wawili wa bega kwa bega, wa tatu ni nusu. Ukirudi kwenye 18 umbali uleule, unapata karibu mita 3.7, ukoo mzima unaingia.

Kwa hiyo ya 24 ina hoja. Ni lenzi tamu ya kutembea nayo: barabara za Mikindani zenye nyumba kongwe, wauza samaki wa Feri, baraza za jioni. Inakaribia kitu hadi sentimita 16, na picha zake kali kuliko za 18-55. Kama wewe hupigi sherehe, unapiga mtaa na maisha ya watu mchana, na 18-55 yako imechoka, inunue bila wasiwasi. Lakini kwa mtu wa sherehe ninaiona kama kulipia mara ya pili kitu ulichonacho, kwa sababu upana wa 24 uko ndani ya 18-55, na kundi la watu kumi usiku hata f/2.8 haitoshi. Kundi linataka flashi. Hilo nitalirudia.

Ya 50 mkononi

Mpwa wangu hakuamini maneno yangu, na mimi sikutaka aamini maneno. Nilimpa ya 50 yangu aende nayo harusi ya kwanza ya Mikindani. Nilimwomba jambo moja: usiku wa hina akae karibu na wanawake wakimpaka bi harusi, kama atakavyoruhusiwa, na apige mikono tu kwanza.

Alirudi na picha moja ambayo mpaka leo naiangalia. Kiganja cha bi harusi kimelala juu ya khanga, ua la hina limefika kwenye kifundo cha mkono, bado bichi, linang'aa. Ncha ya pakiti ya hina inagusa ngozi, na tone dogo linatoka. Hilo tone ndilo lililo kali. Vidole vya mpakaji vimeanza kufifia, uso wa bi harusi huko nyuma ni rangi laini tu, lakini unajua kabisa kuwa anatabasamu. Taa ilikuwa ileile moja ya ukutani. Ya 50 inakaribia hadi sentimita 35, na ukiwa hapo picha nzima ina upana wa sentimita 10 na nusu hivi, ndiyo kiganja kimoja. Ya 24 ingekaribia zaidi, lakini ukiwa sentimita 16 kivuli chako mwenyewe kinaangukia kazi, na mpakaji hana pa kuweka mkono.

Katika harusi hiyohiyo alipoteza picha pia, na ni vizuri ujue kwa nini. Kwa f/1.8, ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, sehemu iliyo kali ina kina cha sentimita 6 tu. Bi harusi na somo wake wamekaa, somo amerudi nyuma nusu hatua: mmoja mkali, mwingine ukungu. Mama wa bi harusi hatakuelewa ukimwambia hiyo ndiyo sanaa. Uso mmoja, f/1.8 au f/2. Wawili, f/2.8 na uwaweke mstari mmoja. Zaidi ya hapo f/4 kwenda juu. Tena weka alama ya fokasi wewe mwenyewe kwenye jicho lililo karibu nawe. Ukiiachia kamera ichague, itachagua pua au shela.

Ya 50 haina kitulizo cha kutikisika, ile IS, kwa hiyo usishuke chini ya 1/80 ukimpiga mtu. Ina gramu 160, shingo haichoki.

Ile ndefu

Sikutaka mpwa wangu aidharau 55-250, kwa hiyo tuliazima moja kwa mwenzangu tukaenda nayo uwanja wa Nangwanda Sijaona. Mchezaji aliye mita 30 kutoka kwako, kwa 250, anachukua kama theluthi mbili ya urefu wa picha. Kwa 55 anakuwa sehemu ya saba ya urefu wa picha, hata jezi huisomi. Hapo ndipo utakapoona maana ya kupata kitu usichokuwa nacho. Saa kumi jioni, jua likiwepo, 1/1000 inapatikana kwa ISO 400 bila taabu. Dakika za mwisho, jua linapozama, imekwisha: ISO inapanda hadi mwisho na bado wachezaji wana mikia. Kumbuka pia kwamba IS inatuliza mkono wako, haimtulizi mshambuliaji anayekimbia.

Siku nyingine tulikaa upande wa Feri tukitazama Msanga Mkuu, tukapiga mashua zikiwa katikati ya maji, tanga limejaa upepo. Lenzi nyingine zote nilizozitaja hapa zingekupa doa jeupe. Na ngoma za nje za mchana, sindimba kwa mfano, zinaipenda sana: unakaa nje ya duara, humkanyagi mtu, vumbi halikufikii, na bado unapata jasho kwenye paji la uso la mpiga ngoma.

Basi kama kazi yako ni mpira, ngoma, mashua na ndege, nunua hii na usinisikilize kuhusu ya 50. Chukua yenye herufi STM (aina ya mota ya fokasi), ya 2013. Ile ya kabla yake fokasi yake ni nzito na ina kelele.

Kuna pia 10-18, pana kabisa, na wengi wananiuliza. Ni nzuri kwa Boma la Mikindani na magofu ya Kilwa Kisiwani, au kwa anayepiga vyumba vya hoteli. Inaanzia f/4.5. Kwa anayeanza na pesa ya lenzi moja, hapana.

Bei zinavyopangana

Sikuandikii bei za Kariakoo kwa sababu zinapanda na kushuka na dola, na ukifika ni mapatano. Mpangilio wake ndio wa kushika. Canon walipoitoa ya 50 STM mwaka 2015, ilianza Marekani kwa dola 126 hivi. Ya 24, ya mwaka 2014, ilianza kwa dola 150 hivi. Ile 55-250 STM ilianza kwa dola 350 hivi. Kwa pesa ya lenzi ndefu moja, kijana wa sherehe anapata ya 50 na flashi ya mkono, ile ya kuseti mwenyewe kama YN560 ya Yongnuo, na betri za kuchaji juu.

Ndiyo, flashi. Ukishaipata ya 50, kitu cha pili kiwe flashi kabla ya lenzi nyingine yoyote. Makundi yote ya ndani unayapiga na 18-55 yako ileile, kwenye 18 hadi 24, f/5.6, flashi imeelekezwa juu kwenye dari jeupe. Nyumba zetu nyingi hazina dari, ni kenchi na bati, na hapo mwanga unapotelea juu haurudi. Igeuze flashi kwenye ukuta mweupe wa pembeni au wa nyuma yako. Ukuta ukiwa wa kijani, watu wote watakuwa kijani, kwa hiyo tafuta mwingine au mwombe mwenye nyumba shuka jeupe.

Wenye Nikon, na wanaotafuta nafuu zaidi

Mwenye Nikon D3200, D3400, D5300 na ndugu zake ana bahati ambayo wa Canon hana: AF-S DX 35mm f/1.8G, ya tangu 2009, gramu 200. Inasimama katikati ya mabishano yote haya. Mtu mzima anaingia kwenye picha ukiwa mita 3, na mwanga wake ni zaidi ya mara 6 ya 18-55 kwenye urefu huohuo. Wewe usiumize kichwa, chukua hiyo. Angalia tu herufi AF-S. Kamera hizo hazina mota ya fokasi ndani, na ukiuziwa 50mm f/1.8D kwa sababu ni rahisi, utazungusha fokasi kwa mkono maisha yako yote.

Kwa Canon, kilicho karibu na hiyo kwa bei ndogo ni Yongnuo 35mm f/2. Nafasi inatosha na mwanga upo, mara 5 hivi ya 18-55. Fokasi yake ni ya polepole, ina sauti, na gizani huenda mbele na nyuma ikitafuta. Kwa mwali anayetolewa nje mara moja tu, siwezi kuiamini. Kwa picha za familia nyumbani, sawa.

Utakutana pia na 50mm f/1.8 II ya zamani, ya 1990. Kioo chake si kibaya. Lakini kitako ni cha plastiki, haikaribii chini ya sentimita 45, na fokasi inalia kama mbu kwenye video. Tofauti ya pesa ikiwa ndogo, ongeza uchukue STM yenye kitako cha chuma.

Jaribio lisilo na gharama

Kabla hujaagiza, zungusha 18-55 yako hadi 50, ifunge kwa selotepu isizunguke, na upige nayo wiki nzima. Nyumbani, sokoni, msibani kama ni kazi yako, kila mahali. Usitoe selotepu. Wiki inayofuata ifunge kwenye 24. Utajua wapi ulikuwa unarudi nyuma hadi unagonga ukuta, na wapi ulikuwa unatamani kusogea. Mpwa wangu alifanya hivi baada ya harusi ya kwanza, na ndipo aliponiambia mwenyewe, "Mjomba, ya 50 inanibana kwenye makundi tu. Makundi nina 18." Akanunua ya 50.

Ukinunua ya mtumba, tafuta kuvu

Huku pwani adui wa lenzi ni unyevu. Mwaka mmoja niliuziwa lenzi nje, juani, kioo kinang'aa kama kipya. Usiku nikapitisha mwanga wa tochi ya simu kwa upande, nikaona nyuzi nyeupe zimetawanyika ndani kama utando wa buibui mdogo. Ilikuwa kuvu, na ilikwisha kula rangi ya kinga ya kioo. Aliyeniuzia hakupokea simu tena. Kwa hiyo nenda na tochi, ingia kivulini, angalia kutoka mbele na kutoka nyuma, lenzi ikiwa imeinama. Ivalishe kwenye kamera yako, piga kitu cha karibu na cha mbali, kwa f/1.8 na kwa f/8, ulinganishe. Tazama vidoti vya shaba vya nyuma kama vina kutu ya chumvi.

Ukishaipata, usiiweke kwenye begi la ngozi kabatini. Tafuta kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana, weka lenzi na kamera humo pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyokuja ndani ya viatu na mabegi, lakini vingi, na uvibadilishe vikishachoka. Ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje usiku, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto taratibu, la sivyo kioo kitajaa umande na maharusi watapita mbele yako ukiwa unafuta. Na ukitoka Msimbati au Shangani, puliza mchanga kwa kipulizio kwanza, ndipo uguse kioo kwa kitambaa.